Kwikwi

Jana ilipanda mlima Gombori bila manung'uniko.
Leo, mbele ya duka la mikate la Telavi,
Niva ya marehemu Tamazi imeshikwa na kwikwi:
inatetema, inameza mate, inazima.

Mjane wake, Nanuli, hataki fundi.
Anafunua boneti, anakaza leso kichwani,
anaiwasha tena, anachomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja.
Wa kwanza: injini inalegea. Wa pili, vilevile.
Wa tatu, hakuna kinachobadilika.
"Ni wewe," anasema.

Lakini plagi ni kavu, cheche yake ya buluu.
Petroli ipo. Koili haina kosa.
Anakalia ndoo, anamega mkate wa moto,
anasikiliza.

Kuna mluzi mwembamba,
kama wa mtu aliyelala chali.
Anaufuata kwa kidole hadi nyuma ya kabureta:
mpira wa upepo una ufa mdogo kama ukucha,
na kandokando utepe mweusi, mkavu, wa miaka,
uliozungushwa na mkono anaoujua.

Kumbe aliona, akasema kesho.

Anaziba ufa kwa kidole gumba:
injini inatulia.
Anaondoa: kwikwi.
Anaziba tena.
Haondoi.