Ghala Namba Tatu

Harufu imerudi, ananipigia Bi Thureya,
njoo na rangi nyingine.

Ni mara ya tatu tangu mvua zianze.
Nafunga ndoo nyuma ya baiskeli,
napita stesheni, napita wauza asali
walioipanga kwenye chupa za maji,
hadi Ghala Namba Tatu, kando ya reli,
ambalo siku hizi lina jina la herufi za shaba
na mlinzi anayeniandika daftarini:
Sizya. Rangi. Saa mbili na robo.

Ndani, dari bado iko mbali kama zamani.
Mabati wameyaficha kwa mbao za mninga,
vyuma vya paa wameviacha wazi makusudi,
vimepakwa nyeusi, navyo vinalipiwa kodi.
Palipokuwa na marobota hadi juu
pana kochi jeupe, sijaona mtu akilikalia.
Mlango wa kupakilia mzigo sasa ni kioo kitupu,
na treni ya Mwanza ikipita
glasi kabatini zinagongana kidogo,
kama wageni waliokosa la kusema.
Kodi ya mwezi sikuiuliza.
Mlinzi alinitajia mwenyewe, akacheka,
nikacheka, hatukutazamana.

Harufu hiyo naijua.
Haiko kwenye rangi. Imo ndani ya tofali,
miaka ya majani yaliyokaushwa kwa kuni za miombo;
mvua ikigonga bati, inaamka.
Ussoke tulilala nayo,
ilikuwa kwenye blanketi, kwenye ugali,
nywele za mama zilikwenda nayo kaburini.
Bi Thureya namwambia: ni unyevu.

Leo ametoka. Nimebaki na mizani.

Ni ya hapa hapa. Waliisugua, wakaipaka mafuta,
wakaiweka karibu na kioo
na juu yake chungu cha ua.
Nikalishusha ua. Sijui kwa nini.
Mshale ukalala kwenye sifuri, mpole.
Nikapandisha mfuko wangu wa poda ya ukuta,
kilo ishirini na tano, umeshonwa kiwandani.
Mshale ukapanda, ukasita, ukatulia:
ishirini na mbili na nusu.

Nikaushusha. Nikaupandisha tena.

Baba yangu, Mihayo, alipimia nyumbani
kwa mizani ya kuazima misheni.
Robota, kilo hamsini. Likifika hapa, arobaini na tano.
Alibisha mara moja tu.
Tumbaku hukauka njiani, mzee, alisema karani,
na wenzake wakacheka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.
Hata mama: Mihayo, namba hujui kuzisoma.
Tangu hapo hakutamka neno kilo.
Alisema mzigo. Mzigo mkubwa, mzigo mdogo.

Huenda ni kutu.
Springi iliyochoka huzidisha, haipunguzi,
hilo fundi yeyote atakwambia,
lakini kutu nayo ina hila zake,
na karani yule alishazikwa,
siwezi kumsimamisha kwenye zulia hili.

Nikatoa penseli sikioni.
Kilo tano kwa robota,
marobota kumi na manne kwa msimu,
misimu kumi na mmoja.
Nikaiandika ukutani, nyuma ya kochi jeupe:
mia saba na sabini.
Nikapaka mkono wa kwanza. Bado inasomeka.
Nikapaka wa pili.

Bi Thureya akaingia na mfuko wa sambusa,
akalikuta ua sakafuni.
Mizani yako inapunja, nikamwambia.
Akacheka, wala si kwa ubaya:
Sizya, hiyo ni pambo tu,
humu nani anapima kitu?
Akanipa sambusa mbili.

Kisha akanusa hewa, amefumba macho.
Imekwisha, akasema.
Nikaitikia. Nikafunika ndoo,
nikarudisha chungu mahali pake.
Mshale ukapanda.
Sikuusoma.