Herufi Moja

Usiku, chumbani Igogo, juu kwenye mawe
(kwetu neno hilo, mawe, ni mama yangu)
tunawasha kibatari, tunafundishana L.
Siyo R. L.
Ncha ya ulimi iguse ufizi, itulie, isitetemeke.
Nizigama anasema: kurara.
Spesi anamkanyaga mguu: kulala, wewe, kulala!
Unataka turare... ona sasa, na mimi!...
unataka tulale mahabusu?

Mchana ni Mwaloni.
Tunaanua dagaa, tunashona viroba,
tunapakia lori la Kongo.
Mzigo utavuka mpaka na mihuri mitatu.
Sisi tulivuka Manyovu usiku, kwa miguu,
mvua ndiyo iliyotugongea muhuri.
Tajiri amenibatiza Masanja.
"Jina hilo halina maswali," anasema,
kisha ananilipa nusu ya Masanja wa kweli.

Bombani sufuria ya mama Kabula ilipopotea
ndoo zote zilitugeukia.
"Tangu waje hawa."
Ikaonekana uvunguni kwa mwanawe.
"Utoto," wakasema,
na foleni ikaendelea, sisi mwisho.

Ijumaa wakaja watu wa uhamiaji, getini.
Mmoja, shati limenyooka kama karatasi,
akamnyooshea Nizigama kidole:
"Wewe. Sema, lori limelala barabarani."

Kiroba begani, jasho likimwingia machoni,
Nizigama akasema.
Lori.
Limelala.
Kila L mahali pake, kama sarafu mezani,
na R moja ya lori haikukosea njia.

Bwana akamtazama, akatazama viatu vyake,
akapunga mkono:
"Haya, pita halaka, unaziba balabala."

Hakuna aliyecheka.
Wauza dagaa waliinamia mafungu yao,
wakahesabu kilichokwisha kuhesabiwa.
Kicheko tulikibeba mpaka huku juu,
tukakipasua mlango ulipofungwa.
Spesi alicheka hadi akalia,
halafu kicheko kikaisha, akaendelea.

Jumapili Nizigama alinunua vocha, akapiga kwao.
Simu iliita sana.
Alipopokea, alimsalimu kwa ulimi ule ule
uliomvusha getini:
"Amaholo, mawe."

Kimya.
Kuku akasikika, mbali, upande wa pili.
Kisha yule mama akauliza, taratibu,
kama mtu anayeogopa jibu,
ni nani huyo
aliyeshika simu ya mwanangu.