Kisanduku cha Kwanza

Fomu ina visanduku sita, kalamu ni moja,
nami nimeketi kizingitini pa duka la mama,
Arua, uchochoro wa nyuma ya soko,
cherehani ikipiga hesabu zake mgongoni mwangu,
tak-tak-tak, bila nukta, bila mkato.

Mjomba Anguyo amepiga simu kutoka Kampala.
"Andika Makerere. Andika hesabu za bima.
Watu hufa, Ayikoru, na kampuni humlipa vizuri
anayejua watakufa lini."
Akacheka. Mimi sikucheka.
Babu alikufa Jumanne, chai ikiwa bado ya moto,
na hakuna jedwali lililotuonya.

Kaka yangu Feni naye: "Hisabati tupu?
Utakula nini, mabano?"

Mwalimu Drileba hakuniambia niende wapi.
Alinipa kitu kingine, kidato cha tano,
mchana wa mvua, bati linanguruma hatusikilizani,
akaandika tu, mstari chini ya mstari,
kwamba mzizi wa mbili hauwezi kuwa sehemu,
ukate utakavyo, ugawanye utakavyo.
Alipomaliza akafuta ubao kwa kiwiko,
akatugeukia kama mtu aliyefumaniwa na cha wizi.
Mvua ikakatika. Wenzangu wakaenda kula posho.
Mimi nilibaki na ile mbili.

Basi nipange alivyonifundisha: kinachojulikana kwanza.
Muni ni pua na mdomo,
ningelala kwetu, ningepiga pasi jioni.
Makerere ina jina,
ila jina halilipi kodi ya chumba.
Mbarara ni usiku wa basi na mchana wa basi,
daraja la Pakwach, Kampala, kisha bado,
na lugha ambayo sijui hata kuombea chumvi.

Nimeuliza kila niliyepata namba yake:
Maktaba hufungwa saa ngapi?
Darasani mko wangapi?
Mhadhiri akikosea ubaoni, mwanafunzi husema?
Swali la tatu wengi walilipita kama dimbwi.
Mmoja tu, Ninsiima, mwaka wa pili, Mbarara:
"Wiki jana nilimsahihisha mimi.
Alinyamaza. Halafu akanipa chaki."

Mama ameondoa mguu kwenye kanyagio.
"Hiyo hisabati ya Mbarara si ndiyo ya hapa?"
"Ndiyo, mama. Mbili ni ile ile."
"Kwa hiyo tofauti ni nauli."
"Nauli. Na chaki."
Hajaelewa, au ameelewa akaacha.
Amevua futi kamba shingoni, anaiviringisha kidoleni.
"Mteja akileta kitambaa kidogo
naanza kukata kile kisichoungika.
Mikono huungwa. Kola huungwa.
Kifua cha gauni hakina kiraka."
Akarudi kwenye pindo la mtu.

Nimeandika kwa herufi kubwa, wino umevuja kidogo
kwenye M ya Mbarara.
Chini yake: Hisabati. Peke yake, bila mlinzi.
Visanduku vitano bado vyeupe,
Makerere itapata chake, na Muni, sijakataa mtu.

"Ada?" mama akauliza, hakugeuka.
Nikamsomea ada.

Cherehani ikanyamaza.
Nilihesabu, sina dawa ya tabia hii:
moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja.

Ikaanza tena.