Mfuko wa Ndani

Bwana Chonde wa saruji alinikuta Msimbazi nafunga kibanda,
akalaza bastola mbili juu ya cherehani.
Zimetolewa risasi, akaapa, na kibali anacho.
"Fundi, ipi haitatuna?"

Nikazipima kwa futi kamba kama napima kwapa la koti.
Ile ya risasi sita ilivuta suruali upande.
Ya tano, mtutu wake kidole gumba,
ikalala nyongani, kimya.
Nikashona mfuko wa marudufu, nikarudia mshono.

Akatembea hadi mlangoni, akarudi.
Kitambaa hakikusema kitu.
Ila mkono wake, kila hatua tatu,
ulikwenda kuisabahi.

"Huo," nikamwambia, nikikata uzi kwa meno,
"sina pa kuuficha."