Hayupo kwa Muda

Katika chumba cha chini cha manispaa ya Penedal,
baina ya boila na ndoo ya kudekia,
wamelazwa watu wote wa wilaya hii:
watoto chini, wazee juu,
Me kushoto, Ke kulia,
kama walivyoketi kanisani.
Nimepewa mwezi mmoja niwahamishie kwenye kompyuta.

Mwaka 1864 umbo lao ni mlima,
tako pana la vichanga,
kileleni vikongwe kumi na mmoja.
Lakini ubavu wake una meno ya msumeno.
Wa miaka thelathini wamejaa tele;
wa thelathini na mmoja, hakuna.
Wa arobaini wamejaa tele;
wa arobaini na mmoja ni watatu tu,
nao walikaa kwa kasisi, penye vitabu.

Una miaka mingapi, mama?
Andika hamsini. Nilizaliwa mwaka wa mvua ya mawe.
Na karani Belmiro Taveira,
vidole vimekufa ganzi kwa theluji, wino unaganda,
akaandika hamsini.
Huku watu hawakuzeeka kidogo kidogo.
Walisimama miaka kumi mlangoni,
kisha wakaruka.

1890. Upande wa kushoto umeng'atwa,
kuanzia ishirini hadi thelathini na tano.
Brazili ina meno.
Serikali, kwa adabu zake, ikafungua safu mpya:
Hayupo kwa muda.

Sasa nisikilizeni habari za Felismina Quintela,
nyumba ya saba, njia ya kinu.
1900: ana miaka ishirini na minne, ameolewa.
Mume, Adérito, ishirini na saba. Hayupo kwa muda.
1911: yeye thelathini na mitano.
Mume, ishirini na saba. Hayupo kwa muda.
1920: yeye arobaini (alijipunguzia minne, haki yake).
Mume, ishirini na saba.
1930 akaja karani kijana, hodari wa hesabu,
akakata kwa penseli, akaandika hamsini na saba.
Pembeni, kwa mwandiko uleule, umenyooka kidogo:
*Mwenye nyumba amekataa.
Anasema ndivyo alivyomwona mara ya mwisho.*

Kuna jambo jingine, sikulitafuta.
Mwaka 1920, watoto wa mwaka mmoja, wa miwili,
ni uzi mwembamba katika kitambaa kizito.
Ile homa ilipita na kitanda cha mtoto.
Nikafungua 1930: uzi uleule,
umepanda hadi kumi na moja, kumi na mbili.
1940, uko kwenye umri wa kuposa.
1960, umepita arobaini, mgongo labda unauma.
Kumbe pengo nalo hukua,
hupanda ngazi pamoja na wenzake,
likazeeka bila kuwahi kuwa mtu.

1970 sikutaka kuihesabu.
Wanaume walivuka mpaka usiku, kwa miguu, kwenda Ufaransa,
na safari hii Ke hawakubaki kushika safu yao.
Walifuata, masanduku ya kadibodi, kamba ya katani.
Mlima ukawa mtungi.
Mtungi ukawa uyoga.
Mwaka jana chini kabisa, sifuri hadi minne,
pamebaki mtoto mmoja, Me,
na juu yake wajane mia mbili na kumi na sita,
wote wanamjua jina,
wote wamemfumia soksi.

Jioni. Boila imenyamaza.
Nimefika nyumba ya saba.
Kompyuta haina safu ya wasiokuwapo.
Inataka tu umri wa mume, kwa mwaka 1930.
Naandika ishirini na saba.
Inapiga mlio, inageuka nyekundu:
*Takwimu haziwiani. Sahihisha.*

Nje, mama Deolinda wa usafi ananisubiri na funguo.
Bado? anauliza.
Bado, namjibu,
naandika tena ishirini na saba.