Dhiraa Mbili za Utumbo

Alfajiri, machinjioni Mbarara,
Nyabahwa ananipimia dhiraa mbili za utumbo mwembamba wa mbuzi.
Bado una joto, unajinyonga polepole
kana kwamba haujapewa habari.
"Huu hauna hata nyama. Mnaulaje huko chuoni?"
Hatuuli, nasema. Tunauuliza.
Anacheka hadi kisu kinamponyoka.

Barafu nimenunua kwa muuza samaki, inanuka ngege.
Naupasua utumbo, naukwangua kwa kipande cha kioo
kama mtu anayekwangua ukoko usiku bila kuamsha nyumba.
Kinachobaki ni ute wa waridi, kijiko kimoja,
na humo mafundi hawajui kwamba mbuzi amekufa.

Bado wanafyatua.
Wa kwanza anaibandika kolini fosfati, kama stempu.
Wa mwisho anaipachika kwenye mafuta:
fosfolipidi, kichwa kimoja, mikia miwili,
kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia,
mkwe aliyeketi kizingitini,
uso kwa wageni, mgongo kwa moshi.
Kwa hizo tone la mafuta hushonewa koti,
lisafiri hadi damuni lisigandane na wenzake.

Mimi namtafuta wa katikati.
Jina lake halienei kwenye kibandiko cha chupa;
nimemwita Mzito.
Mwendo wa wote ni mwendo wake.
Siku za shibe anaelea tu, mikono mfukoni.
Utando ukipungukiwa,
ukiachia nyufa asizoziona mtu,
anaulalia kifudifudi,
na kwa kugusa huko anaamka.

Shangazi Keihangwe alikuwa hivyo.
Mwaka mzima hakanyagi kwetu;
siku unga ulipokwisha, alifika na kibuyu cha samli,
hakuna aliyemwita.
(Mstari huu nimeufuta daftarini.
Profesa hapendi mashangazi.)

Saa nne umeme unakatika.
Mashine inazunguka kwa uvivu, inaguna, inanyamaza.
Tumwebaze anakimbilia jenereta.
Jenereta haina dizeli,
dizeli inataka sahihi,
sahihi iko Kampala mkutanoni.
Nimekaa na chupa kumi na mbili,
barafu imebaki kama sukari chini ya kikombe.
Vimeng'enya havifi kwa kelele. Vinalegea,
mkunjo baada ya mkunjo,
pindo la leso lililosahau lilichofungia.

Kumi na moja zimeharibika.
Moja imenipa namba: sifuri nukta nne.
Namba moja si jibu. Nimeiandika.

Mchana, mkahawani, matoke na eshabwe,
samli na maji vilivyopigwa na magadi
hadi vikakubali kukaa sahani moja.
Nakula mpaka nalamba kidole.
Huko chini, gizani, pasipo dizeli wala sahihi,
Mzito wangu mwenyewe anapapasa ukuta.

Kesho Nyabahwa ataniuliza utumbo ulijibu nini.
Nitamwambia apime dhiraa nne.