Kadi ya Fedha

Mume wangu Merle ana kadi ya fedha
isiyo na fedha.
Anailipia kwa kulala nje siku ishirini na tano kila mwaka:
Minot, Bismarck, Sioux Falls, tena Minot,
akiuza vipuri vya lifti
katika miji ambayo ghorofa ya nne ni habari.

Nilikuwa karani wa hesabu kwenye maghala ya ngano
miaka thelathini na mmoja. Nipe karatasi nikuonyeshe.

Chupa ya maji: dola tatu.
Mtandao wa kasi: hata wasio na kadi wanao.
Ruhusa ya kutoka chumbani saa nane mchana:
kwa mtu anayeondoka alfajiri
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi yenyewe. Hiyo ndiyo faida pekee
niliyoiona kwa macho yangu.
Chumba kizuri zaidi, ikiwa nafasi ipo.
Nafasi haipo Minot. Nafasi huwa Bismarck,
siku ambazo Merle yuko Minot.
Na kifungua kinywa ni cha wenye dhahabu;
wa fedha hupita mlangoni
wakinusa mayai.

Ganda la muwa la jana,
chungu kaona kivuno.

Kisha Desemba ikaja, naye ana siku ishirini na tatu.
Zimepungua mbili, na barabara ya Minot imefungwa kwa theluji.
Basi mzee wa miaka sitini na miwili,
mwenye kitanda chake, mwenye mke kitandani,
akafunga begi, akaendesha dakika nane
akalale hotelini hapa hapa Fargo,
mkabala na uwanja wa magongo ya barafu.
Dola mia na tisa kwa usiku.
Nilizidisha kwa mbili. Nikazidisha tena, kwa kalamu nyekundu.

Usiku wa pili nikamfuata.
Si kwa mapenzi, nisikudanganye:
tanuri la kupashia nyumba joto lilizimika,
na nje nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nikavaa mabuti, nikabeba soksi na dawa yangu ya presha.

Mapokezi alikuwapo Sabitra, binti wa Kibhutani.
Kumbe Merle anajua alikulia kambini,
katika nyumba ya mianzi, watu tisa chumba kimoja.
Kumbe Merle huuliza.
Binti akachungulia skrini, nilimwona,
ndipo akainua uso:
"Karibu tena, Bwana Haugland.
Asante kwa uaminifu wako."

Na mume wangu akanyoosha mgongo
kama mtu aliyetua mzigo
ambao sikujua kwamba anao.

Uaminifu. Miaka thelathini na minane.
Mimi nimemkumbusha taka za Jumanne.
Nimemkumbusha chujio la tanuri, ndiyo, hilo hilo.

"Tumewapandisha," akasema Sabitra. "Leo nafasi ipo."

Ghorofa ya tano, chumba cha pembeni,
madirisha mawili, yote yakitazama maegesho,
na gari letu moja likiwa jeupe kando ya gari letu la pili.
Merle akafungua mapazia kama aliyeyashona mwenyewe.
Chupa mbili za maji.
Mara hii kila mtu na yake.

Gizani akauliza, polepole:
"Unaona ina thamani?"

Hesabu nilikuwa nayo kichwani, kamili:
mia mbili kumi na nane, toa sita za maji,
hasara mia mbili kumi na mbili.
Na mgeni ni siku mbili; ya tatu mpe jembe,
na jembe letu ni spana, chini kwenye ghala la nyumba,
kwenye tanuri lililokufa.

Nikavuta blanketi lao zito, lisilo langu.
"Lala," nikamwambia.
"Kesho tunatoka saa nane."